Mimba ya Pili Haina Ngoma

 

Ndugu msomaji, yameandikwa mengi kuhusu ndoa, mahari na talaka, na hotuba nyingi zimetolewa juu ya malezi ya watoto waliokwisha kufikia umri wa kusoma. Hata hivyo kipo kipindi katika maisha ya familia ambacho ni nadra kuzungumzwa mimbarini wala barazani, nacho ni ile miezi tisa ambayo nyumba yenye mtoto mmoja inamngojea wa pili. Wengi hukipita kama msafiri anavyokipita kijiji asichokuwa na mwenyeji ndani yake. Hoja yetu katika makala hii ni moja: mimba ya pili mara nyingi ni nzito kwa mama kuliko ya kwanza, kwa sababu kazi zake zimeongezeka na wasaidizi wake wamepungua; na nafasi ya wasaidizi hao ni juu ya baba kuijaza, tena kwa wajibu, si kwa hisani.

Wa kwanza ni wa ukoo, wa pili ni wa nani?

Hapa kwetu Tunduru mimba ya kwanza ni jambo la ukoo mzima. Katika mila za Wayao, mwanamke anayebeba mimba kwa mara ya kwanza hufanyiwa unyago wake maalumu, unaojulikana kwa jina la litiwo, ambapo wanawake watu wazima humkalisha na kumfunza mambo ya uzazi. Hatukusudii leo kuingia katika hukumu ya ngoma hizo. Jambo hilo lina mahali pake. Tunachotaka msomaji akizingatie ni kwamba wazee walikwisha kutambua tangu zamani kuwa mwanamke mwenye mimba hafai kuachwa peke yake. Aidha, kwa kuwa Wayao hufuata ukoo wa upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe zake, mwanamke alijifungua akiwa amezungukwa na mama yake, mama zake wadogo na dada zake. Hata pale mume alipomchukua mkewe kwenda kuishi mbali, ilikuwa kawaida mke kurudi kwa mama yake kwa ajili ya uzazi wa kwanza.

Mimba ya pili haina ngoma. Hakuna anayekuja kukaa, wala anayeuliza mama amekula nini. Jirani anasema, “Ameshazoea.” Wifi anasema njia imekwisha kufunguka. Bibi mzaa mama naye ana wajukuu kwa binti zake wengine, na nguvu zake si zile za zamani. Hali hii imekuwa ngumu zaidi kwa familia zisizoishi karibu na jamaa zao. Walimu na watumishi waliohamishiwa huku, wafanyabiashara wa korosho, na wale walioletwa na biashara ya vito tangu miaka ya 1990, wengi wao wamepanga vyumba mjini na hawana shangazi wala dada wa kumwita alfajiri. Katika nyumba za namna hiyo watu wazima ni wawili tu. Akichoka mmoja, aliyebaki ni mmoja.

Basi neno hilo la “ameshazoea” ndilo tunalolipinga. Ni kweli kwamba mama wa mtoto wa pili anaijua njia. Lakini kuijua njia hakumpunguzii mtu uzito wa mzigo alioubeba kichwani.

Uzoefu haubebi ndoo

Tazama, ndugu msomaji, tofauti ya mimba hizi mbili katika siku moja ya kawaida. Katika mimba ya kwanza, mama akishikwa na kichefuchefu asubuhi aliweza kujinyoosha kwenye jamvi mpaka hali ikatulia. Katika mimba ya pili, kichefuchefu ni kile kile, lakini yupo mtoto wa miaka miwili au mitatu anayetaka uji, anayetaka kubebwa, anayetaka kuogeshwa, na asiyejua kabisa kwa nini mama leo hacheki. Maji yanangoja kisimani au bombani, kuni zinangoja, na unga unangoja kinu au foleni ya mashine.

Kisha iongeze kalenda ya kilimo chetu. Korosho huanza kuanguka mnamo Septemba na uvunaji huendelea mpaka mwisho wa mwaka, na kazi ya kuziokota na kuzitenga na mabibo ni kazi ya kuinama kutwa nzima. Kabla ya korosho kwisha, mvua zinaanza, na kwa zinaanza pia kazi za kulima, kupanda na kupalilia mahindi na mpunga, mpaka mnamo Aprili. Mazao yakianza kukomaa, wanaume wengi hulala shambani katika dungu wakifukuza nguruwe, na katika vijiji vilivyo karibu na mapito ya tembo, kulinda huko si jambo la hiari. Kwa hiyo baba anakosekana usiku, na mama mwenye mimba anabaki nyumbani na mtoto mdogo. Hatuwalaumu wanaolinda chakula cha familia zao. Tunasema tu kwamba hesabu ya kazi za nyumba hiyo ifanywe upya, kwa sababu hesabu ya mwaka wa mtoto mmoja haiwezi kutumika mwaka wa mtoto wa pili.

Sisi wenyewe tumo katika kipindi hicho. Nyumbani kwetu yupo mtoto wa miaka mitatu, na mama yake yuko katika mwezi wa saba. Usiku mtoto huamka mara mbili: mara ya kwanza anataka maji, mara ya pili anamtaka mama, na mama, ambaye amegeuka huku na huku akitafuta upande wa kulalia, ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Tulikubaliana kwamba atakayeamka usiku ni baba. Siku za mwanzo mtoto alitukataa kwa kilio kilichowaamsha na majirani. Zilipopita wiki mbili akaanza kutuita sisi. Baada ya Swala ya Alfajiri tunajaza maji, tunachemsha uji na kumnywesha mtoto, ndipo tunapokwenda kusomesha. Ni kazi isiyozidi saa moja na nusu, wala haijatuzuia kufika darasani kwa wakati. Kwa mama, saa moja na nusu hiyo ndiyo usingizi pekee anaoupata bila kukatizwa.

Qur’an Tukufu, katika Sura ya Luqman na katika Sura ya Al-Ahqaf, inamkumbusha mwanadamu taabu na udhaifu alioupata mama yake alipombeba tumboni. Ukumbusho huo haukubagua mimba ya kwanza na zile zilizofuata. Mtoto wa pili naye alibebwa kwa taabu, na ataulizwa juu ya wema wake kwa mama huyo kama atakavyoulizwa wa kwanza.

Ziwa la mkubwa

Mara nyingi mimba ya pili huingia wakati mtoto wa kwanza angali ananyonya. Hapo ndipo hutokea jambo linaloleta madhara makubwa katika nyumba zetu. Watu husema kwamba maziwa ya mama mwenye mimba yamekwisha haribika na ni sumu kwa anayenyonya. Basi mtoto huachishwa ziwa siku hiyo hiyo, kwa kupaka pilipili au shubiri, na pengine hupelekwa kwa bibi yake asimwone mama. Mtoto akikonda, husemwa kwamba amebemendwa, na hapo huzuka tuhuma na ugomvi: baba alitoka nje, au mama alitoka nje. Ndoa ngapi zimeingia doa kwa neno hili!

Ndugu zetu, suala hili si geni. Waarabu kabla ya Uislamu na mwanzoni mwake nao walikuwa na khofu hiyo hiyo, na jambo lenyewe wakiliita ghila, yaani mume kumkurubia mkewe anayenyonyesha, au mama kunyonyesha hali ana mimba. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Bi Judama bint Wahb (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekusudia kulikataza, kisha akaangalia hali ya Warumi na Waajemi, ambao walikuwa wakifanya hivyo, akaona kwamba watoto wao hawadhuriki, basi hakulikataza. Msomaji aizingatie njia hii ya hukumu: palikuwa na khofu iliyoenea kwa watu, ikatazamwa hali halisi ya watu wengine, na khofu ile haikufanywa kuwa sheria.

Wataalamu wa afya wa leo nao hawasemi kwamba maziwa hayo ni sumu. Mtoto anayekonda baada ya kuachishwa ghafla anakonda kwa sababu ameondolewa chakula alichokizoea na hakupewa kinacholingana nacho. Ndiyo, mama anayenyonyesha na huku ana mimba anahitaji chakula zaidi na mapumziko zaidi. Na ikiwa anatokwa na damu, au aliwahi kujifungua kabla ya wakati, basi aulize kliniki kabla ya kuendelea. Lakini pilipili na shubiri si dawa ya mtoto.

Tena, aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, imelifanya jambo la kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo kuwa ni la wazazi wawili kwa kuridhiana na kushauriana. Sisi tunaosoma aya hiyo msikitini tumeiacha mashauri yake kwa majirani na mashangazi! Baba ni mshirika katika shauri hilo. Aulize mtoto anakula nini, anunue mayai, maziwa, karanga na dagaa, na amsaidie mama kumwachisha taratibu, titi moja baada ya jingine, siku baada ya siku.

Na kwa wale ambao mimba ya pili bado haijaingia, tunakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa usalama wa mama na wa watoto wote wawili. Kupanga nafasi baina ya watoto kwa makubaliano ya mume na mke si kukataa riziki ya Mwenyezi Mungu. Jabir bin Abdillah (r.a.) ameeleza kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli katika zama za kuteremka Qur’an, na habari hiyo imo katika Sahihi mbili.

Mkubwa asiporwe

Mtoto wa kwanza alikuwa mfalme wa nyumba. Mwezi kwa mwezi anaona paja la mama linapungua nafasi, anaambiwa asipande, asiruke, asilie. Kisha huja watu wakubwa na mzaha wao: “Mwenzako anakuja, mama hakutaki tena,” au, “Utapelekwa ukalale kwa bibi.” Wao wanacheka, lakini mtoto hajui mzaha, na moyo wake unaingiwa na baridi. Matokeo yake ni kwamba aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyekwisha kuacha ziwa analitaka tena, na mtoto mchanga akizaliwa, mkubwa anamfinya akiwa peke yake naye. Hapo hupigwa, na akipigwa anapata ushahidi wa yale aliyoambiwa.

Mtume (s.a.w.) alimbeba mjukuu wake Umama bint Zaynab (r.a.) akiwa ndani ya swala, alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama alimbeba tena. Imepokewa vile vile na Imam An-Nasai kwamba aliwahi kurefusha sijda katika swala ya jamaa mpaka watu wakadhani limetokea jambo. Baadaye akawaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Ikiwa mtoto amepewa nafasi hiyo katika swala, ambayo ni nguzo ya dini, ataikosaje kwenye mkeka wa baba yake jioni?

Kwa hiyo miezi hii ya kungojea ndiyo wakati wa baba kujenga usuhuba na mkubwa. Amchukue kwenda naye dukani, amwogeshe yeye, amlishe yeye, amsimulie yeye hadithi ya kulalia. Ikiwa mtoto atahamishwa kitanda, ahamishwe mapema, miezi kadhaa kabla ya uzazi, ili asidhani kwamba mgeni ndiye aliyemfukuza. Aambiwe ukweli kwa lugha yake: tumboni mwa mama yupo ndugu yako, atakapokuja atakuwa mdogo, atalia sana, na wewe utatusaidia kumletea nepi. Mtoto aliyepewa kazi hujiona mwenyeji wa ndugu yake, si mpinzani wake.

Na uadilifu huu una pande mbili. An-Nu’man bin Bashir (r.a.) ameeleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba yake alimpa yeye bila ya ndugu zake. Wanazuoni huitaja hadithi hii katika mali, lakini maana yake inafika hata kwenye mambo madogo. Tumeona nyumba ambazo akika ya mtoto wa kwanza ilichinjwa kwa shangwe na karamu, na akika ya wa pili ikaahirishwa mpaka ikasahaulika. Baba mwenye uwezo aanze kuweka akiba ya mnyama huyo mapema, na asiyekuwa na uwezo hana lawama. Bali asimfanye wa pili kuwa ni mtoto wa mabaki.

Hoja ya limbwata

Hapa tunajua kitakachosemwa. Mwanamume akionekana na ndoo ya maji, au akifua nepi uani, maneno hutoka barazani: “Huyu amelishwa limbwata.” Wengine huivalisha hoja hiyo kanzu ya dini, wakasema kwamba kazi za nyumba ni za mke, na mume akizishika heshima yake inaporomoka.

Tunasema: Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Na katika riwaya nyingine imetajwa kwamba alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Nani basi atathubutu kusema kwamba heshima yake iliporomoka?

Ama suala la kisheria, je, mke ni wajibu kuihudumia nyumba, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi katika wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndiyo madhehebu iliyoenea katika nchi yetu, na wengineo, wameona kwamba si wajibu wake. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameona kwamba ni wajibu kwa mujibu wa ada njema ya watu. Lakini hata kwa kauli hii ya pili, ada njema hupimwa kwa uwezo wa mtu na hali yake. Wala hakuna ada njema inayomtaka mwanamke wa mwezi wa nane kubeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni huku mwanamume mzima amekaa akisubiri chai.

Wapo wanaotoa ushahidi kwa kisa cha Bi Fatima (r.a.), aliyekwenda kumwomba baba yake mtumishi kwa sababu mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusaga, naye akafundishwa dhikri ya kusoma kabla ya kulala. Wanakisimulia kisa hicho ili kuonyesha kwamba mke avumilie. Lakini mbona wanaisahau sehemu ya Sayyidna Ali (r.a.)? Katika riwaya aliyoipokea Imam Ahmad, yeye naye alisema kwamba amechota maji mpaka kifua kinamuuma, na yeye ndiye aliyemhimiza mkewe aende kuomba msaada. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliochoka pamoja, na mume aliyekiona kuchoka kwa mkewe akamtafutia nafuu. Haikuwa nyumba ya mmoja kusaga na mwingine kutazama.

Safari isiyongoja

Kuna mambo ya hatari ambayo yanahusu hasa uzazi wa pili, na baba asipoyajua anaweza kuyajutia maisha yake yote.

La kwanza ni muda. Uchungu wa mtoto wa pili aghalabu ni mfupi kuliko wa mtoto wa kwanza. Baba anayekumbuka kwamba mara ya kwanza walikaa usiku mzima na mchana wake, akasema kuna muda wa kutosha wa kutafuta pikipiki, huenda mtoto akazaliwa njiani. Lami inayotoka Songea kupitia Tunduru kwenda Masasi imerahisisha safari kwa walio kandokando yake, lakini kwa vijiji vilivyo mbali na barabara hiyo, hasa upande wa Mto Ruvuma, wakati wa masika udongo na mito ndivyo vinavyoamua nani atafika na lini. Mwenye kuishi mbali na amsogeze mkewe karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya siku zake, kwa jamaa au katika chumba cha kupanga, na mtoto mkubwa awe amekwisha kupangiwa mahali pa kukaa na mtu anayemzoea.

La pili ni uzazi uliopita. Ikiwa mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, au mama alitokwa na damu nyingi, wa pili asizaliwe nyumbani wala kwenye zahanati ndogo, bali mahali penye uwezo wa kufanya upasuaji na kuongeza damu.

La tatu ni kundi la damu. Wako wanawake, ingawa si wengi, wenye kundi la damu hasi. Mama wa namna hiyo akizaa mtoto mwenye kundi chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kinga inayoipiga vita damu ya namna hiyo. Aghalabu mtoto wa kwanza husalimika. Anayedhurika ni wa pili na wanaomfuata, na wengine hupotea tumboni. Wapo waliodhani kwamba wamerogwa au kwamba nyumba ina mkosi, kumbe jambo hili lina kinga yake: sindano maalumu ambayo mama hupewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Basi mama na apimwe kundi lake mapema, na baba naye apimwe.

La nne ni kuhudhuria kliniki. Akina mama wengi katika mimba ya kwanza huwahi, na katika ya pili huchelewa, kwa neno lile lile la “nimeshazoea”. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi ya mahudhurio linayoyapendekeza kutoka 4 hadi 8, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Huko mama hupimwa damu na shinikizo, hupewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Malaria katika wilaya yetu haimchagui mzoefu. Baba afuatane naye, aisome kadi yake, na azijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa pamoja na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, degedege, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Ikitokea moja kati ya hizo, safari ni saa ile ile.

Kwa sera ya Serikali huduma za wajawazito ni bila malipo. Lakini nauli, kanga, beseni na vifaa vya kujifungulia vinahitaji fedha, na fedha ya mkulima wa Tunduru huja mara moja kwa mwaka, wakati wa minada ya korosho. Malipo yakiingia, fungu la uzazi litengwe kwanza, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.

Deni la Ramadhani

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, katikati ya mvua na kazi za shamba. Mama mjamzito anayeikhofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula. Ama atakachotakiwa baadaye, wanazuoni wana kauli zaidi ya moja: imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Umar (r.a.) kwamba atalisha masikini na halipi, na madhehebu ya Imam Shafii ni kwamba atalipa, na akiwa amekhofia mtoto peke yake ataongeza na fidia. Kila mmoja na amuulize anayemwamini katika elimu yake.

Tunachosisitiza sisi ni kwamba mwanamke anaweza kuwa na mimba Ramadhani hii, akanyonyesha Ramadhani ijayo, na madeni yakamrundikia mpaka akayaogopa. Mume amsaidie kuziandika siku hizo, atoe fidia pale inapotakiwa, na wakati wa kulipa ukifika amshikie mtoto na kumpikia futari. Na wakati anapokula mchana wa Ramadhani kwa udhuru, asitazamwe kwa jicho baya ndani ya nyumba yake.

Wito wetu

Ndugu Waislamu, tunatoa wito kwa maimamu walitaje jambo hili katika hotuba, kwa uwazi na bila ya haya isiyokuwa na mahali pake. Na kwa walimu wenzetu wa madrasa, wawafunze vijana wa kiume kuchota maji, kupika uji na kumshika mtoto mchanga, kama tunavyowafunza udhu. Kijana aliyejifunza akiwa na miaka kumi na miwili hataogopa kuitwa majina akiwa na miaka thelathini.

Ukoo ulimlea mama wa mtoto wa kwanza. Mama wa mtoto wa pili amebaki na mume wake, na mume huyo, akiamka usiku kumpa mtoto maji ili mkewe alale, yumo katika ibada. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wajawazito wetu wote wajifungue salama, awahifadhi watoto wetu wakubwa na wadogo, na atutie nguvu ya kuyatenda tunayoyaandika.

Wabillahi tawfiq.